Majaini na Madhehebu Yao



Sisi watu wa pwani tumezoea kumwita kila Mhindi asiye Muislamu "Baniani", tukamaliza. Kumbe miongoni mwao wamo Majaini, na hao dini yao si ya Kihindu, wala wenyewe si kundi moja. Wengi waliohamia Afrika Mashariki walitoka Gujarat nao ni Shvetambara, na hekalu lao la Mombasa wengi wetu tunalijua kwa nje tu.

Wote wanamfuata Mahavira, aliyeishi India ya kaskazini zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na wote wanakataza kuua kiumbe chochote. Digambara wanasimulia kwamba njaa kali iliingia Magadha zama za mfalme Chandragupta, Bhadrabahu akawachukua watawa hadi kusini, na waliobaki wakaanza kuvaa nguo nyeupe. Shvetambara wana masimulizi yao mengine. Wanahistoria wanaona mfarakano ulikuja polepole, karne kwa karne.

Nguo si jambo dogo hapa. Mtawa wa kiume wa Digambara, yaani aliyevaa anga, hukaa uchi kabisa, kwani kwao nguo ni mali, na mwenye mali hajajikomboa. Basi mwanamke, asiyeweza kukaa uchi, itambidi kwanza azaliwe tena mwanamume! Shvetambara, yaani wavaa nyeupe, wanalikataa hilo, na husema kwamba hata Malli, wa 19 katika viongozi wao 24, alikuwa mwanamke. Digambara wanasema alikuwa mwanamume. Hata vitabu vitakatifu vya Shvetambara, wenzao hawavikubali.

Ndani ya Shvetambara nako kuna mgawanyiko. Karne ya 15 huko Gujarat, Lonka Shah alisoma vitabu asione amri ya kuabudu masanamu. Kutokana na fikra zake wakatokea Sthanakavasi, na mwaka 1760 Terapanthi wakajitenga nao. Hawa wote hawana masanamu, na watawa wao hufunika mdomo kwa kitambaa wasije wakadhuru vidudu vya hewani.

Ama wenye masanamu, Digambara huyaacha uchi, Shvetambara huyapamba. Huko Shirpur, Maharashtra, wanagombea sanamu moja la Parshvanatha. Hekalu lilifungwa mwaka 1981, na likafunguliwa mwaka 2023 baada ya amri ya Mahakama ya Juu ya India. Hazikupita siku nyingi, wafuasi wa pande mbili wakapigana papo hapo hekaluni.