Rajaji wa Madras, Mzee Aliyepingana na Wenzake

Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za Gandhi na Nehru wa Bara Hindi. Katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari za mwenzao mmoja ambaye jina lake halikuenea sana nje ya nchi yake, naye ni Chakravarti Rajagopalachari. Jina hilo ni refu hata kwa Wahindi wenyewe, basi wao walimwita Rajaji, nasi tutamwita hivyo hivyo. Mtu huyu aliishi miaka 94. Alikuwa wakili, kisha mfungwa, kisha waziri, kisha mtawala wa nchi nzima. Na alipokuwa na umri wa miaka 80, wakati ambapo wazee wengine hukaa barazani kuota jua, yeye alianzisha chama kipya cha siasa. Gandhi alimwita mlinzi wa dhamiri yake. Watu wengine, tena wa chama chake mwenyewe, walimwita msaliti. Yafaa tuyapime mambo yake, tuone majina hayo mawili yalitoka wapi.

Rajaji alizaliwa tarehe 10 Desemba 1878 katika kijiji cha Thorapalli, karibu na Hosur, kusini mwa Bara Hindi, katika jimbo la Madras lililotawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, mtu wa tabaka la Brahmin. Hapa yatupasa kueleza kidogo habari za matabaka, maana asiyezijua hataelewa ugomvi uliomwandama mtu huyu maisha yake yote. Kwa desturi ya kale ya Wahindu, kila mtu huzaliwa katika tabaka lake, na kazi ya baba ndiyo ya mwana: mtoto wa dobi awe dobi, wa kinyozi awe kinyozi, wa mfinyanzi awe mfinyanzi. Wabrahmin walikuwa juu, ndio makuhani na wanavyuoni. Na chini kabisa walikuwapo watu waliohesabiwa kuwa najisi, wasioruhusiwa kuingia hekaluni wala kuteka maji katika kisima cha wengine.

Kijana huyu akasoma Bangalore na Madras, akawa wakili katika mji wa Salem, akapata mali na sifa. Hata mwaka wa 1919 akakutana na Gandhi, na tangu hapo maisha yake yakageuka. Akaacha uwakili, akavaa nguo zilizofumwa kwa uzi wa kusokota kwa mkono, na mwishoni mwa mwaka wa 1921 akaingia gerezani kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1925 akaenda kukaa kijijini karibu na Tiruchengode, akajenga makao ya kufundisha watu kusokota uzi, na kuwahubiri waache ulevi, na kuwapokea wale walioitwa najisi.

Mwaka wa 1930 Gandhi alipokwenda pwani ya magharibi kuchota chumvi ya bahari ili kuipinga sheria ya chumvi ya Waingereza, Rajaji naye alifanya vivyo hivyo kusini. Aliondoka Tiruchirappalli tarehe 13 Aprili pamoja na watu wapatao mia, wakaenda kwa miguu maili 150 mpaka Vedaranyam. Mkuu wa wilaya ya Tanjore akatangaza kwamba ye yote atakayewapa wasafiri hao chakula au mahali pa kulala atashtakiwa. Basi wanavijiji wakafunga wali katika vifurushi, wakavitundika juu ya matawi ya miti kando ya njia, ili wasafiri wale na aliyetoa asijulikane. Walipofika pwani wakaichukua chumvi, na Rajaji akatiwa gerezani tena.

Mpaka hapo hapana ugomvi kati yake na wenzake. Ugomvi ulianza alipopata madaraka. Mwaka wa 1937 chama chao, yaani Congress, kilishinda uchaguzi wa Madras, naye akawa Waziri Mkuu wa jimbo. Yako mambo mema aliyoyafanya kwa haraka. Alipiga marufuku ulevi katika wilaya ya Salem. Alitoa sheria ya kuwapunguzia wakulima mzigo wa madeni. Na mwaka wa 1939, wale walioitwa najisi walipoingia katika hekalu kubwa la Madurai, serikali yake iliweka sheria ya kuwalinda walioufungua mlango. Haikosi ilikuwa taabu kwa Mbrahmin kuwaudhi makuhani wa tabaka lake, lakini hakurudi nyuma.

Lakini mwaka wa 1938 alitoa amri kwamba Kihindi, yaani lugha ya watu wa kaskazini, kifundishwe kwa lazima katika shule 125. Aliona kwamba nchi yenye lugha nyingi yahitaji lugha moja ya kuwaunganisha watu. Sisi wenye Kiswahili twaweza kuielewa fikira hiyo kwa urahisi. Lakini watu wa Madras walisema Kitamil, lugha yenye vitabu vya kale sana, nao hawakuulizwa. Wakaona kwamba Mbrahmin mwenye amri anawaletea watoto wao lugha ya wageni. Kiongozi wao, E. V. Ramasamy, akatiwa gerezani, na wengine zaidi ya elfu wakafungwa pamoja naye. Wawili kati yao, Natarajan na Thalamuthu, walifia kifungoni mwaka wa 1939. Mwaka huo huo Rajaji na wenzake wa Congress wakajiuzulu, kwa kuwa Waingereza waliiingiza Bara Hindi vitani bila kuwauliza wenyewe. Na Februari 1940 gavana Mwingereza akaiondoa ile amri ya Kihindi.

Sasa tufike mwaka wa 1942, uliomletea jina la msaliti. Wakati huo chama cha Waislamu, Muslim League, kilikuwa kikidai nchi ya peke yao, yaani Pakistan. Congress ilikataa kabisa kusikia neno hilo. Rajaji akasema: kama watu wa sehemu fulani hawataki kuwa pamoja nasi, hatuwezi kuwashurutisha, afadhali tuwakubalie haki ya kuamua, ili tushirikiane nao kuutafuta uhuru. Akalipeleka shauri lake mbele ya mkutano wa Congress huko Allahabad, akashindwa kwa kura 120 kwa 15. Hakunyamaza, bali akajiuzulu katika chama alichokitumikia zaidi ya miaka ishirini. Tena mwezi wa Agosti Gandhi alipowataka Waingereza waondoke mara moja, Rajaji akapinga, akisema kwamba huo si wakati wake. Gandhi na Nehru na maelfu wengine wakafungwa. Yeye akabaki nje. Wenzake wako gerezani, naye yu huru: nani asingemshuku?

Mwaka wa 1944 akaliandika upya shauri lake. Vita vikiisha, wilaya zenye Waislamu wengi upande wa kaskazini zitajwe, na wenyeji wake wote wazima, Waislamu na wasio Waislamu, wapige kura. Na hata wakijitenga, pawe na mapatano ya ulinzi, biashara na njia. Gandhi alilichukua shauri hilo mpaka kwa Jinnah, kiongozi wa Muslim League, wakazungumza huko Bombay Septemba 1944, lakini hawakupatana. Mwaka wa 1947 nchi ikagawanyika vilevile, na majimbo ya Punjab na Bengal yakapasuliwa kati. Watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao, na mamia ya maelfu wakauawa. Hatuwezi kusema kwamba shauri la Rajaji lingalizuia damu hiyo, kwa kuwa halikujaribiwa. Lakini mgawanyo aliotukanwa kwa kuutaja, wenzake waliukubali miaka mitano baadaye, pasipo muda wa kuutengeneza kwa utulivu.

Basi wakamrudia. Akapewa ugavana wa Bengal ya Magharibi, na mwezi wa Juni 1948, Mountbatten alipoondoka, akawa Gavana Mkuu wa India. Kiti hicho walikalia Waingereza tangu zamani. Mhindi aliyekikalia ni yeye peke yake, naye ndiye wa mwisho, kwa maana tarehe 26 Januari 1950 India ikawa jamhuri.

Mtu mwingine angalipumzika hapo. Lakini mwaka wa 1952 Congress ilipungukiwa viti huko Madras, wakamwita mzee huyu wa miaka 73 aje aunde serikali. Aliingia barazani kwa kuteuliwa na gavana, bila kupigiwa kura na mtu, jambo lililowachukiza wengi. Mwaka wa 1953 akatoa mpango wa elimu ambao sisi tulio waalimu yafaa tuutazame kwa makini. Watoto wengi wa vijijini hawakuwa na nafasi shuleni, na fedha ya kujenga shule na kuajiri waalimu ilikuwa haba. Rajaji akasema masomo ya shule za msingi za vijijini yapunguzwe yawe ya saa tatu kwa siku, kundi moja asubuhi na jingine baadaye, ili chumba kimoja na mwalimu mmoja wawafae watoto mara mbili. Saa zilizobaki mtoto azitumie kujifunza kazi ya wazazi wake.

Kwa hesabu mpango huo ulikuwa mzuri. Lakini katika nchi ya matabaka, kumwambia mtoto wa dobi akajifunze kazi ya baba yake ni kumrudisha pale pale alipotaka kutoka. Na aliyesema hivyo alikuwa Mbrahmin, ambaye watoto wa jamaa zake walisoma mijini, ambako mpango haukufika. Watu wakauita elimu ya kurithi, wakaandamana. Hata wenzake wa Congress wakamsihi auache, naye akakataa. Mwezi wa Aprili 1954 akajiuzulu, akisema afya yake si njema. Aliyemfuata ni K. Kamaraj, mtu aliyeacha shule angali mtoto, wa jamii ambayo kazi yake ya jadi ilikuwa kugema tembo. Kamaraj akaufuta mpango ule, akafungua shule vijijini, na kuanzia mwaka wa 1956 watoto maskini wakapewa chakula cha mchana shuleni. Shida ilikuwa ile ile moja, watoto wengi na fedha haba. Lakini Kamaraj aliitazama kutoka chini.

Mwaka wa 1959 Rajaji alianzisha chama cha Swatantra, ili kupinga serikali ya Nehru iliyotaka kila mwenye kiwanda au biashara aombe kibali. Alisema vibali vingi huzaa rushwa, na kumfanya raia awe mwombaji mlangoni pa karani. Wakamcheka, wakasema ni chama cha matajiri na wakuu wa zamani, na ni kweli kwamba hao walikuwamo. Walakini mwaka wa 1967 chama hicho kilipata viti 44 katika Bunge la India, kikawa cha kwanza upande wa upinzani. Kilikufa mwaka wa 1974. Lakini mwaka wa 1991 serikali ya India, iliyoongozwa na Congress yenyewe, ikaondoa sehemu kubwa ya vibali vile.

Na lile jambo la Kihindi? Mwaka wa 1965, serikali kuu ilipotaka Kihindi kichukue mahali pa Kiingereza, watu wa Madras wakafanya ghasia, na Rajaji akawa upande wao. Mwaka wa 1967 akaungana na chama cha DMK, cha Annadurai, ambaye alikuwa miongoni mwa wapinzani wake wa 1938, wakaishinda Congress katika jimbo hilo.

Wako wasemao kwamba mtu huyu aligeuka-geuka kama bendera. Sisi hatuoni hivyo. Alikuwa na moyo ule ule siku zote: akiona jambo kuwa kweli, hakujali nani yuko pamoja naye. Moyo huo ulimfaa sana alipokuwa hana cheo. Mwaka wa 1942 na wa 1959 hakuwa na askari wala amri. Alikuwa na maneno yake tu, na hasara ya kukataliwa aliibeba mwenyewe. Lakini mwaka wa 1938 na wa 1953 alikuwa na kalamu ya serikali mkononi, na kutojali kwake kuliwaangukia watoto wa watu wengine. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi wazazi wa Madras walikuwa na haki ya kuulizwa jinsi watoto wao watakavyolelewa.

Mwaka wa 1971 serikali ya DMK, aliyoisaidia kushika madaraka, iliamua kuruhusu pombe tena. Rajaji, mwenye umri wa miaka 92, akaenda mwenyewe kwa waziri mkuu wa jimbo, M. Karunanidhi, kumsihi asifanye hivyo. Hakusikilizwa. Akafariki Madras tarehe 25 Desemba 1972.

Twawashauri wanafunzi watakaoijadili habari hii darasani wasiishie kuuliza kama Rajaji alikuwa na haki au hakuwa nayo. Wayaandike mambo yake moja moja, na mbele ya kila jambo waandike nani aliulizwa kabla halijatendeka, na nani alilipa lilipoharibika.