Wimbo-mfululizo: istilahi ya roki kwa wasikilizaji wa Mvumi

Anayesikiliza "Supper's Ready" ya kundi la Genesis kwa mara ya kwanza huenda akadhani simu imerukia wimbo mwingine. Gitaa la taratibu linakoma, kinanda kinaingia kwa kishindo, mapigo yanageuka kuwa ya tisa tisa. Kumbe ni wimbo uleule, wa mwaka 1972, wenye sehemu saba na dakika kama 23. Unasimulia safari ya mwanamume na mwanamke, kupitia vita vya wema na uovu, hadi Yerusalemu Mpya. Mvumi, ambako misheni ya Kianglikana ina mizizi mirefu, wasomaji wa Ufunuo wa Yohana wataitambua njia hiyo upesi.

Aina yake ya muziki, iliyochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, naiita roki progresivu. "Roki endelevu" haifai: neno endelevu limeshachukuliwa na wataalamu wa mazingira na miradi. Lakini wimbo wenyewe, huu mrefu wenye hadithi, tuuiteje?

Wengi watasema "utenzi wa roki". Linavutia, kwa kuwa utenzi ni mrefu na husimulia. Hata hivyo, utenzi hushika mizani moja na kina kimoja cha bahari tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali wimbo huu huishi kwa kubadili mapigo. Napendekeza wimbo-mfululizo: sehemu zinazofuatana, kila moja na mwendo wake, zikibeba kisa kimoja. Kinachozifunga ni kurejea. Kuelekea mwisho wa "Supper's Ready" maneno na sauti za mwanzo hurudi, zikiwa zimekua. Bila kurejea huko tungekuwa na nyimbo saba zilizobandikwa tu.

Ugogo una haki ya kushiriki mjadala huu. Aliyeuimba wimbo huo, Peter Gabriel, aliondoka Genesis mwaka 1975, akaja kuanzisha Real World, kampuni iliyotoa albamu za Mgogo wetu Hukwe Zawose: Chibite mwaka 1996 na Assembly, aliyoshirikiana na Michael Brook, mwaka 2002. Zawose, bingwa wa zeze na ilimba, alifariki mwaka 2003.

Hata hivyo, tusiite muheme wimbo-mfululizo. Ngoma hiyo ya wanawake wa Kigogo ilikua ndani ya unyago, na shughuli yenyewe ndiyo iliyozipa nyimbo mpangilio wake. Wimbo-mfululizo hauna shughuli ya kuutegemea. Lazima ubebe kisa chake wenyewe, na hilo ndilo gumu lake.

Mwalimu wa muziki, lijaribu neno hili darasani. Wasikilizishe wanafunzi mwanzo na mwisho wa wimbo, kisha waulize nini kimerudi na kimebadilikaje.