Nguvu za misuli uzeeni na ngazi za Michenzani

KWA mzee anayeishi ghorofa za juu katika nyumba za maendeleo za Michenzani, Ng'ambo, ngazi ni mizani ya afya. Nyumba hizo zilijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Waliohamia humo wakiwa vijana sasa ni mabibi na mababu, na ngazi walizokuwa wakizikimbia huzipanda kwa vituo. Husemwa kuwa "ni uzee tu", lakini sayansi ya seli ina maelezo mapana zaidi.

Msuli hukaza kwa kutumia kemikali iitwayo adenosini trifosfeti. Akiba iliyomo msulini huisha kwa sekunde chache, na akiba ya pili, kreatini fosfeti, huongeza takriban sekunde 10. Baada ya hapo seli huvunja sukari. Molekuli moja ya glukosi ikivunjwa bila oksijeni huzalisha molekuli 2 tu za kemikali hiyo. Ikimalizikia katika mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, huzalisha takriban 30.

Kadiri umri unavyosonga, mitokondria hupungua, huchakaa, na kazi ya seli ya kuondoa vinu vibovu huzorota. Nyuzi za misuli zenye nguvu za ghafla hudhoofu mapema, ndiyo maana kuinuka kitini huanza kuwa tabu kabla ya kutembea. Upungufu mkubwa wa misuli na nguvu zake huitwa sarkopenia, na tangu 2016 umepewa namba yake katika orodha ya maradhi inayotumika Marekani.

Kisukari huzidisha hali hiyo. Misuli ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Isipoitikia insulini, sukari hubaki katika damu na mafuta hujikusanya ndani ya nyuzi.

Hapa ndipo huruma ya familia inapoweza kudhuru. Mzee akiletewa kila kitu juu na kukatazwa kushuka, mitokondria hupungua kwa kukosa kazi. Utafiti uliochapishwa 2007 nchini Marekani ulionesha kuwa wazee wenye afya waliolazwa kitandani kwa siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Kwa upande mwingine, mazoezi huongeza mitokondria hata kwa waliovuka miaka 70, umri wa kupokea Pensheni Jamii ya Zanzibar.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi, mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili siku 3. Samaki, dagaa, choroko na kunde huipatia misuli protini ya kujijenga.

Udhaifu wa ghafla, wa upande mmoja wa mwili, au unaoambatana na maumivu ya kifua si wa uzee. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.