Mstari Unaoanza na Alama ya Kujumlisha

Transista ya pili iliungua mwezi wa tisa, wakati ambao kule Ilula hakuna mvua na nyanya zinaishi kwa pampu. Shangazi alinipigia asubuhi. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, kile kiboksi chako kimenuka tena."

Kiboksi kilikuwa changu kweli. Shangazi alikopa kwenye kikundi chao cha vikoba akanunua paneli na pampu ya sola, na kazi ya kutengeneza kidhibiti cha pampu akaniachia mimi, kwa kuwa katika ukoo mzima ndiye niliyesomea umeme. Kazi yake si ngumu kueleza: transista inawasha na kuzima umeme wa mota mara 20,000 kwa sekunde, na kwa kubadilisha muda wa kuwasha unabadilisha mwendo wa pampu. Pembeni ya mota kuna dayodi, ambayo transista ikizima inaupa ule umeme wa kwenye koili njia ya kuzunguka badala ya kuipiga transista. Nilitumia IRFZ44N, transista ya volti 55, na dayodi ya 1N5408, kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani Iringa mjini siku hiyo.

Oskiloskopu sina. Nilichonacho ni laptop na programu ya bure ya kuigiza saketi, ngspice. Nikaamua kwamba kabla ya kuunguza transista ya tatu nitaijenga saketi yote ndani ya kompyuta. Nikapakua modeli za transista na dayodi, yaani mafaili ya maandishi yanayoieleza programu tabia ya kila kifaa. Zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya PSpice, programu nyingine. Nikatafuta kiprogramu cha kuzigeuza, nikazigeuza, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Taabu hizo zina historia. Mwaka 1969 na 1970, katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, mwalimu aitwaye Ron Rohrer aliligeuza darasa lake kuwa kiwanda cha kuandika programu ya kuchambua saketi. Waliiita CANCER. Katika kirefu cha jina hilo walitamka wazi kwamba programu yao haihusiki na mionzi, kijembe kwa programu za wakati ule zilizolipiwa na jeshi la Marekani, ambalo lilitaka kujua saketi itafanyaje bomu la nyuklia likilipuka. Mwanafunzi mmoja, Laurence Nagel, aliendelea nayo chini ya Donald Pederson. Pederson alishikilia kwamba programu iwe mali ya umma, kila anayeitaka apewe. Ikaandikwa upya, ikaitwa SPICE, na ikatangazwa Aprili 1973 kwenye mkutano wa wataalamu huko Waterloo, Kanada.

Programu ile ilisoma kadi za karatasi zilizotobolewa, kila kadi ina nafasi 80 za herufi. Kadi ya kwanza ilikuwa ya jina la kazi. Mpaka leo, ukimpa mtoto wa SPICE faili, mstari wa kwanza anauchukua kama jina na kuuruka. Mimi niliweka rezista kwenye mstari wa kwanza, nikapoteza jioni nzima nikiitafuta. Tena mitambo ile ilitumia herufi kubwa tu, kwa hiyo SPICE haitofautishi M na m. M ni mili. Ukitaka mega andika MEG. Rezista yangu ya kuvuta geti chini niliiandika 1M nikiwa na maana ya omu milioni moja, programu ikaisoma kama sehemu ya elfu ya omu moja. Geti likawa limefungwa ardhini na transista haikuwaka kabisa. (Anayecheza na kapasita kubwa aangalie pia: 1F kwa SPICE si farad moja, ni femto, namba ambayo haifai hata kuitwa ndogo.)

Kwa sababu kila mtu aliruhusiwa kuichukua, kila mtu aliichukua, na kila kampuni ikaongeza maneno yake. PSpice ilitokea mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ndogo za mezani, LTspice ikaja 1999, na ngspice yangu ikatoka kwenye SPICE3 ya Berkeley. Ni kama Kihehe na Kibena: mnasalimiana "kamwene" na kucheka pamoja, mpaka mfike kwenye neno moja ambalo kila upande una uhakika nalo.

Baba mdogo alinikuta usiku nikigombana na skrini. Yeye ni fundi redio tangu miaka ya 1970. Nilipomwambia SPICE ilizaliwa 1973 alicheka: "Hiyo miaka, sisi kompyuta tulikatazwa." Nilidhani ni masihara ya kizee, ila ni kweli. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye mashine, zikavurugika, ikabidi zirudishwe kwenye mikono ya makarani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ililegezwa polepole miaka ya 1980.

Vijana wenzangu wakiisikia habari hii huwa wanacheka. Mimi nilikuwa nacheka pia. Sasa naona kwamba tatizo la wizara ile halikuwa mbali sana na langu. Hesabu zilitolewa kwenye daftari zikaingizwa kwenye mashine, na walioelewa daftari na mashine kwa pamoja walikuwa wachache mno. Kuifungia mashine mlango lilikuwa kosa, nadhani, maana lilitunyima muda wa kuwapata watu hao. Lakini kushtuka kwao nakuelewa.

Baada ya siku tatu saketi yangu ilifanya kazi ndani ya kompyuta, na ilipendeza. Mkondo wa mota ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno, transista ilikuwa ya baridi, dayodi haina tatizo. Nikamwonyesha baba mdogo. Kwa mujibu wa picha hii, nikamwambia, hakuna sababu ya kitu chochote kuungua. Labda zile transista za dukani ni feki.

Hakujibu. Alichukua kiboksi chenyewe, tukaweka transista ya mwisho niliyokuwa nayo, tukaunganisha pampu ndani ya ndoo na paneli uani. Akakiacha kifanye kazi kama dakika moja. Kisha akakata umeme, akagusa dayodi kwa ncha ya kidole na kuurudisha mkono haraka.

"Hiyo ya kwenye kompyuta ni ya baridi?"

"Ndiyo, baba."

"Basi siyo hii."

Nikarudi kwenye faili la modeli na kulisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Kwa kuwa kadi ilikuwa na nafasi 80 tu, modeli ndefu ilihitaji kadi mbili au tatu, na kadi ya kuendelezea ilianza na alama ya kujumlisha. Kile kiprogramu cha kugeuza kiliudondosha ule mkato mmoja. Mstari wa pili wa modeli ya dayodi ulianza na TT badala ya +. Katika SPICE herufi ya kwanza ya mstari ndiyo inayosema hiki ni kifaa gani, na T ni laini ya kusafirishia mawimbi. Kwa hiyo programu ililalamika kuhusu laini ya mawimbi ambayo sikuichora popote. Nami, saa sita usiku, niliufuta mstari huo ili lalamiko liishe.

TT ndiyo inayoeleza dayodi inachukua muda gani kuacha kupitisha umeme. Usipoitaja, SPICE haiulizi, inaweka sifuri. Nilikuwa nimeigiza dayodi inayofunga papo hapo, ambayo haijawahi kutengenezwa. 1N5408 ni ya kazi za polepole, umeme wa TANESCO unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Kwenye mara 20,000 inachelewa: transista inawaka wakati dayodi bado haijafunga, na kwa kitambo hicho paneli inakuwa imefungwa shoti kupitia zote mbili. Niliurudisha mstari, nikaweka + mbele yake. Ile picha nzuri ikaota miiba, mwiba mmoja kila transista ilipowaka.

Dayodi ya haraka dukani hatukuipata. Baba mdogo akaenda kwenye rundo lake nyuma ya kibanda, akarudi na pawasaplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa zamani, akaing'oa dayodi ya Schottky, akaifuta vumbi kwa shati na kunipa nisome namba, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. MBR20100. Ampea 20, volti 100.

Jumamosi tulipanda basi kwenda Ilula. Shangazi alikuwa amemwagilia kwa ndoo matuta manne ya karibu na nyumba; ya mbali alikuwa ameyaacha, na nyanya zake zilikuwa zimelala chini. Aliniuliza ilikuwa nini. Nikaanza kumweleza habari za kadi, akanisikiliza kwa adabu mpaka pampu ilipoanza kutoa maji, akaondoka kwenda kufungua mfereji.