Ugawanaji wa manufaa ya mitishamba

Ugawanaji wa manufaa ya mitishamba ni utaratibu wa kuipa jamii yenye ujuzi wa dawa za asili sehemu ya faida, ya fedha au ya namna nyingine, mtafiti au kampuni inapoutumia ujuzi huo. Msingi wake ni Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014. Mkoani Tanga, Tanzania, mfano wa karibu ni shirika la Tanga AIDS Working Group, la miaka ya 1990: waganga wa jadi walishirikiana na madaktari kutibu magonjwa nyemelezi ya wenye VVU. Manufaa yalikuwa hasa matibabu na mafunzo, si mrabaha. Baadaye, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya Tanzania ya 2002 iliunda baraza la kusimamia waganga.