Retablo za wahamiaji wa Meksiko

Retablo za wahamiaji ni picha ndogo za shukrani, aghalabu zilizochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya bati, ambazo Wameksiko waliokwenda Marekani au jamaa zao huziweka makanisani ili kutimiza nadhiri. Sanaa hii ilienea Meksiko katika karne ya 19, bati lilipopatikana kwa bei nafuu.

Muundo. Mtakatifu huchorwa juu, tukio katikati, na chini huandikwa maelezo mafupi yenye jina, mahali na tarehe. Kazi hii kwa kawaida hufanywa na fundi wa mtaani kwa kufuata masimulizi ya mteja.

Yaliyomo. Mhamiaji husimulia humo mambo yaliyompata, hata yale aliyowaficha askari wa mpakani: kuvuka mto Rio Grande bila hati, kupotea jangwani, kunusurika ajali, kuugua ugenini. Siri hizo hutundikwa ukutani, mahujaji wakazisoma.

Mchanganyiko wa tamaduni. Magari na hospitali za Marekani huonekana pamoja na Bikira Maria wa San Juan de los Lagos, Jalisco. Bikira huyohuyo anaheshimiwa pia katika kanisa la hija la San Juan, Texas.

Umuhimu. Mwaka 1995 Jorge Durand na Douglas Massey walichapisha kitabu *Miracles on the Border* kuhusu picha hizi. Thamani ya retablo hizi ni kubwa: ni historia ya uhamiaji inayosimuliwa na wahamiaji wenyewe, watu ambao nyaraka za serikali mara nyingi huwataja kwa idadi tu.