Riwaya ya Vita na Siri Iliyotunzwa Darasani

Wenzangu tuliopita katika shule hii, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu leo, nimeombwa niandike juu ya historia. Nitaanzia kwenye riwaya ya upelelezi, aina ile ile tuliyokuwa tukiificha chini ya madaftari wakati wa masomo ya jioni. Wako wanaoviita vitabu hivyo vya kupotezea wakati. Kimojawapo kinatufikisha kwenye historia ya kweli, tena hadi Mombasa.

Kitabu chenyewe ni N or M? cha Mwingereza Agatha Christie, kilichotoka mwaka 1941. Hadithi yake ni ya mwaka 1940, Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto na Waingereza wakihofu kwamba adui amekwisha jipenyeza miongoni mwao. Mpelelezi wa serikali anagongwa na lori, na kabla ya kukata roho anaacha maneno machache ya fumbo. Maneno hayo yanaelekeza kwenye nyumba ya wageni iliyoko pwani. Tommy anatumwa huko kwa siri. Mkewe, Tuppence, hakualikwa, lakini ametega sikio. Tommy anapofika anamkuta amekwisha tangulia, ameketi anafuma sufu na kujifanya mjane! Wote wawili wamepita miaka arobaini, na walikwisha ambiwa kuwa ni wazee mno kwa kazi za vita.

Humo ndani kila mgeni anashukiwa. Binti mmoja, Sheila, anampenda Carl, mkimbizi wa Kijerumani, na penzi lao linaingia majaribuni Carl anapokamatwa. Jambo hilo halikuwa la kubuni tu, maana mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliwaweka kizuizini maelfu ya Wajerumani na Waaustria, wengi wao Wayahudi waliomkimbia Hitler. Msaliti ni nani, simtaji. Kasomeni wenyewe.

Sasa lisikilizeni jambo la ajabu. Katika riwaya hiyo yumo mzee mchoshi aitwaye Meja Bletchley. Idara ya usalama, MI5, ilishtuka, kwa kuwa katika jumba la Bletchley Park wataalamu walikuwa wakifumbua kwa siri kubwa maandishi ya mtambo wa Kijerumani uitwao Enigma. Mmoja wao, Dilly Knox, alikuwa rafiki wa mwandishi. Knox akaombwa amdodose. Inasimuliwa kwamba Christie alijibu kuwa treni yake iliwahi kukwama Bletchley, naye akalipiza kisasi kwa kumpa jina hilo mhusika asiyependeza.

Kazi ya jumba hilo ilikuwa na tawi kwetu Afrika Mashariki. Wajapani waliposhambulia Colombo mwezi wa Aprili 1942, kikosi cha Waingereza kilichosoma maandishi ya siri ya Kijapani kilihamishiwa Mombasa. Kilikaa katika shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari, na katika mwaka huo huo kikafumbua maandishi ya siri ya meli za biashara za Kijapani. Mwaka 1943 kikarudi Colombo. Hapakuwa na bastola wala kufukuzana gengeni. Palikuwa na penseli, karatasi na uvumilivu, katika vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wanafunzi.

Katika riwaya, siri hufunuliwa ukurasa wa mwisho. Watu wa Bletchley walirudi makwao mwaka 1945, na wengi hawakuwaambia hata wake au waume zao. Dunia ilianza kuifahamu vizuri habari hiyo mwaka 1974.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na mafaili yenye mhuri wa siri hupita mezani pangu. Nimeona zabuni ikiharibika kwa sababu karani mmoja alisimulia bei wakati wa chai. Hakuwa mwovu, alitaka tu aonekane anajua mambo. Wala siri ninayoisifu si ile ya kufunika wizi, kwani hiyo ni usaliti mwingine. Naisifu ile ya mtu aliyekabidhiwa amana ya wengi, akaitunza bila kungoja sifa.

Basi vijana, someni riwaya za upelelezi bila haya. Lakini mkimaliza, mkumbukeni na yule karani asiyetajwa jina, aliyefanya kazi yake vizuri na kunyamaza. Wengi wenu mtakuwa yeye.